Mpira wa NG (wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni) unachomoka kila mara: shida ni plasta au ni namna tunavyoufunga?

zamu_ya_usiku

Wadau wa wodini, habari za kazi. Wodi ni ya watu wazima, wengi wana kiharusi au ni wazee waliochanganyikiwa kwa sababu ya maradhi. Mipira inayotumika ni ya kulishia, Fr 10 na Fr 12 (Fr ni kipimo cha unene wa mpira). Ufungaji ni kwa plasta ya karatasi yenye upana wa sentimita 2.5: kipande kimoja juu ya pua, kisha kingine kinaupandisha mpira na kuubana kwenye paji la uso ili usimkere mgonjwa mdomoni.

Yanayosumbua ni manne. Plasta inalegea ndani ya saa chache, hasa kwa anayetoka jasho au mwenye makamasi. Wagonjwa wenye mkono mmoja mzima wanaukamata mpira na kuuchomoa. Mipira mingine haitoki yote, inateleza sentimita kadhaa na hakuna anayegundua mpaka wakati wa mlo. Na waliokaa na mpira zaidi ya wiki wanatokewa na kidonda kwenye ukingo wa juu wa tundu la pua.

Kila mpira ukitoka, mlo umepotea, dawa zimechelewa, mgonjwa anaumizwa upya na pengine anarudi eksirei. Kuongeza plasta juu ya plasta hakujasaidia. Naomba kujua: plasta ipi, ikatwe vipi, ibadilishwe baada ya muda gani? Na ile hatamu ya pua, utepe wa kuushikilia mpira unaowekwa kwa sumaku, inamfaa nani?

mkufunzi_wodini

Ndugu, kabla hujaagiza plasta nyingine zitenganishe hizo shida, maana kila moja ina chanzo chake. Plasta ikibanduka yenyewe, tatizo liko kwenye ngozi. Plasta ikiwa bado imeshika pua lakini mpira umeteleza ndani yake, tatizo ni namna ulivyouzungusha. Mpira na plasta vyote vikikutwa mkononi mwa mgonjwa, basi ni mkono, na hapo hakuna plasta itakayoshinda. Kila mpira unapotoka tazameni kilichobaki puani, mkiandike kwenye faili. Siku chache tu mtajua mnapambana na nini.

Naanza na kidonda kwa sababu chanzo chake umekitaja mwenyewe. Acheni paji la uso kuanzia leo. Mpira uliokunjwa kwenda juu unakaa kama upinde, unataka kunyooka, na mahali unapoegemea ni ule ukingo wa juu wa tundu la pua. Ngozi hapo ni nyembamba na chini yake kuna gegedu, hakuna nyama ya kupokea mgandamizo. Damu ikibanwa saa baada ya saa, ngozi inakufa. Mpira utoke puani ukielekea chini, uning'inie katikati ya tundu. Ukichungulia kutoka upande wa kidevu uone nafasi pande zote.

Sasa ngozi. Gundi haishiki mafuta wala unyevu, na pua ni sehemu yenye mafuta mengi usoni. Osha mgongo wa pua na shavu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa shashi. Ngozi nzima yenye mafuta mengi inaweza kupanguswa kwa spiriti, lakini si ngozi iliyochubuka, na si ya mtoto mchanga. Halafu paka utando wa kinga wa ngozi usiochoma, usubiri kama nusu dakika ukauke kabisa. Wengi hubandika plasta utando ukiwa bado mbichi, na hapo gundi inashika unyevu badala ya ngozi. Mgonjwa akishapakwa mafuta usoni baada ya kuogeshwa, hakuna plasta itakayokaa. Waelezeni wanaomwogesha, na ndugu zake wakiwamo, kwamba pua na shavu la upande wa mpira havipakwi kitu.

Plasta ya karatasi ni rafiki wa ngozi lakini ikilowa huachia. Kwa mtu mzima mwenye ngozi imara tumieni ya kitambaa inayonyumbuka kidogo. Yenye gundi ya silikoni iwekeni kwa wazee wenye ngozi nyepesi kama karatasi: inabanduka bila kuchubua, ila inataka eneo pana zaidi ili ishike sawasawa.

Ukataji ni huu. Chukua kipande cha sentimita 10, upana 2.5. Viringisha pembe kwa mkasi, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kuinuka. Kutoka mwisho mmoja, pasua katikati kwa urefu wa sentimita 6, ibaki sentimita 4 isiyopasuliwa. Kinakuwa kama suruali. Kiuno cha suruali kikae juu ya mgongo wa pua na mpasuko uanzie kwenye ncha ya pua. Mguu wa kwanza uzungushe kwenye mpira kuelekea chini kama ngazi ya mzunguko, ukianzia karibu sana na tundu, ndani ya sentimita 1. Mguu wa pili uzungushe upande wa kinyume. Mizunguko miwili inayopingana ndiyo inayouzuia mpira usiteleze, kwa sababu ukivutwa, mguu mmoja ukitaka kufunguka mwingine unakaza. Ukifuata upande mmoja kwa miguu yote miwili, kuvuta kidogo tu kunaifungua kama uzi wa pia. Mwisho wa kila mguu kunja nusu sentimita ndani, upate pa kushika wakati wa kubandua.

Futa mpira wenyewe kabla ya kuuzungushia. Umepita ukiwa na jeli, na jeli iliyobaki pale nje ndiyo sababu ya ile mipira inayoteleza huku plasta ikiwa imekaa vizuri puani. Watu husahau jambo hili kuliko mengine yote.

Wakati wa kubandika usiivute plasta. Ikinyooshwa inataka kurudi, inaibeba ngozi nayo, na ngozi inatoa malengelenge pembezoni. Iweke ilivyo, ibonyeze kwa kidole sekunde 20 hivi. Joto la kidole linaisaidia gundi. Kisha kipande kifupi cha sentimita 4 kikatize mlalo juu ya mgongo wa pua.

Plasta ya puani peke yake haitoshi. Weka nanga ya pili shavuni: kipande cha haidrokoloidi (bandeji laini ya kulinda ngozi) cha kama sentimita 3 kwa 5 kikae juu ya ngozi, mpira upite juu yake, ufunikwe kwa plasta ya uwazi. Kati ya pua na shavu acha mpira ulegee kidogo, ili mgonjwa akitabasamu, akikohoa au akigeuza kichwa mvuto uishie kwenye shavu. Kutoka shavuni upite nyuma ya sikio, halafu ubanwe kwenye nguo karibu na bega, nao ukiwa umelegea. Jaribu kwa kumgeuza kichwa upande wa pili mpaka mwisho: mpira ukikaza, ongeza nafasi. Usiubane kwenye shuka wala kwenye reli ya kitanda, maana atakapogeuzwa kitanda kitabaki pale pale na mpira utabaki na kitanda.

Plasta ya pua ibadilishwe kila siku baada ya kuosha uso, au mapema zaidi ikilowa, ikichafuka au ikiinuka pembe. Wawe wawili: mmoja ameushika mpira puani, mwingine anabandika. Mipira mingi inatoka wakati huo huo wa kubadilisha plasta.

ngozi_kwanza

Nakubaliana na mkufunzi karibu kwa yote, naongeza ya kubandua, kwa sababu hapo ndipo ngozi ya kesho inapoharibiwa. Plasta ya kesho haitashika kwenye ngozi iliyochubuliwa leo.

Kunja plasta ijilalie yenyewe, uivute taratibu sambamba na ngozi, si kwenda juu, huku kidole cha mkono wa pili kikiishikilia ngozi pale inapoachana na gundi. Tumia kiondoa gundi cha silikoni kama kipo. Kama hakipo, maji ya uvuguvugu na shashi iliyoloweshwa yanatosha, kwa subira. Mafuta nayo yanalegeza gundi, lakini ukiyatumia lazima uoshe kwa sabuni mpaka yaishe, vinginevyo unarudi kwenye tatizo la mwanzo.

Kuna wanaosifu plasta ya zinki oksaidi kwa nguvu yake. Ni kweli inashika, lakini kwa mzee au anayetumia dawa za steroidi muda mrefu inaondoka na tabaka la juu la ngozi. Tinkcha ya benzoini, dawa ya kupaka inayonata, nayo huongeza mshiko ikiachwa ikauke hadi inate, ila baadhi ya watu inawapa mzio, na kubandua kunakuwa kugumu zaidi. Mimi ningeiweka mbali na nyuso za wazee.

Kila zamu chunguza tundu la pua kwa tochi: wekundu usiopotea ukibonyeza, utando mweupe, damu iliyokauka, harufu. Safisha makamasi kwa pamba yenye maji. Ukiona wekundu usiopotea, sogeza mpira kidogo usiegemee pale, na fikirieni kuuhamishia tundu la pili utakapobadilishwa. Angalia pia unene wa mpira. Kulisha hakuhitaji Fr 16. Kila Fr 1 ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo Fr 16 ina kipenyo cha zaidi ya milimita 5, wakati Fr 10 ni kama 3.3. Ile ya PVC iliyokusudiwa kutoa uchafu tumboni huwa ngumu inapokaa kwenye asidi, na kwa kawaida haipaswi kuzidi siku 7 hadi 10. Ya poliyurethani ni laini na hukaa wiki kadhaa, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Mpira mgumu unachimba pua hata ukifungwa kwa ustadi wote.

Mwenye ndevu: omba ruhusa unyoe sehemu ndogo tu shavuni, au acha shavu utumie pua na kibanio cha nguo. Mwenye barakoa ya hewa ya mgandamizo: weka haidrokoloidi mahali mpira unapopita chini ya ukingo wa barakoa, vinginevyo barakoa inauzamisha mpira kwenye ngozi. Uso ulioungua usibandikwe plasta kabisa. Huyo ni wa kufungwa kwa utepe wa pamba unaozunguka kichwa, au hatamu kama pua ni nzima.

tiba_na_mkono

Naingia kwenye mkono, kwa kuwa wengi wanaanza na kufunga mikono na hiyo inapaswa kuwa ya mwisho.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa hauchomoi mpira kwa ukorofi. Anahisi kitu kigeni puani, hakumbuki ni nini, mkono unakwenda. Mara nyingi kuna jambo lingine linalomchokonoa: maumivu, kibofu kilichojaa, kuvimbiwa kwa choo kigumu, oksijeni kuwa chini, homa, kiu, dawa mpya ya usingizi. Tafuteni hilo kwanza. Mrudishieni miwani na kifaa cha kusikia. Mwelezeni kila mara, kwa maneno machache yale yale, kwamba mpira ni wa chakula. Mpeni kitu cha kushika mkononi, kitambaa au tufe laini. Ndugu akikaa naye, hasa jioni na usiku, mkono unatulia kuliko ukiwa na glavu.

Halafu ondoeni mpira machoni na njiani. Ukipita shavuni, nyuma ya sikio na kuishia nyuma ya bega, hauoni wala haugusi kirahisi. Ukining'inia kifuani, unauita mkono. Kwa mwenye kiharusi, angalieni mkono upi una nguvu na mpeleke mpira upande ule mwingine, mradi tundu la pua la upande huo liko wazi. Mlo ukiisha, ondoeni kabisa mrija wa mashine ya kulishia au mfuko, mfunike mwisho wa mpira na kuuficha. Ule mrija mrefu uliojaa chakula ni mzito, unavuta mpira hata bila mkono wa mtu. Mlo ukiendelea, ushikizeni mrija wa mashine kwenye nguo kabla ya kiungio, ili kiungio kisibebe uzito.

Kuna swali nalo linasahaulika: mpira bado unahitajika? Mgonjwa wa kiharusi anayeweza kumeza leo huenda hakuweza wiki iliyopita. Uwezo wa kumeza upimwe upya mara kwa mara. Na ikionekana atahitaji kulishwa hivi kwa zaidi ya wiki 4 hadi 6, timu izungumze na familia kuhusu mrija wa tumboni moja kwa moja.

Glavu nene zisizo na vidole zipo, lakini ni kizuizi kwa mtu, hata zikionekana laini. Ziamuliwe na timu, familia ielezwe, sababu iandikwe, zivuliwe walau kila saa 2 mkono uangaliwe rangi, joto na ngozi na vidole vinyooshwe. Kufunga mikono kwenye reli sikushauri. Mgonjwa anahangaika zaidi, na akitapika hawezi kujisaidia.

zamu_ya_usiku

Asanteni sana, jeli iliyobaki kwenye mpira na ile suruali ya plasta ni vitu vya kuanza navyo usiku huu. Naomba mfafanue ile mipira inayotoka nusu. Tuseme ulikuwa sentimita 58 puani, sasa unasoma 50, mgonjwa anaonekana sawa. Wengine huusukuma ndani na kuendelea kulisha. Ni sawa?

mkufunzi_wodini

Hapana, na hapa naomba tusimame, kwa sababu mpira uliotoka nusu ni hatari kuliko uliotoka wote. Uliotoka wote unaonekana, mlo unakoma wenyewe. Uliotoka nusu bado unapokea chakula, ila ncha huenda imeshatoka tumboni iko kwenye umio, au juu zaidi karibu na koo. Chakula kinapanda, kinaingia kwenye njia ya hewa, unapata nimonia.

Hatua: simamisha mashine kwanza, kabla hujagusa kitu kingine. Mwinue mgonjwa akae. Sikiliza pumzi na sauti. Sauti ya majimaji kooni au kikohozi kipya ni ishara mbaya. Pima oksijeni. Fungua mdomo uangalie kwa tochi, maana baada ya kutapika mpira unaweza kujikunja nyuma ya ulimi huku alama ya puani ikibaki ile ile 58. Kama kuna chakula mdomoni, kivute kwa mashine ya kufyonza. Mwite daktari kama pumzi imebadilika.

Kuusukuma: mpira laini wa kulishia hauna uti wa kuusukuma baada ya waya wa ndani kutolewa. Ukiusukuma unajikunja kooni, au ncha iliyokuwa imefika karibu na koo inateleza kwenye njia ya hewa. Na waya ukishatolewa haurudishwi kamwe mpira ukiwa ndani ya mtu, unaweza kutokea kwenye tundu la pembeni na kutoboa umio. Baadhi ya hospitali zinaruhusu mtu aliyefunzwa kuusogeza sentimita chache na kuthibitisha upya. Kama mwongozo wenu hausemi hivyo, toa, ingiza mpya kwa tundu lingine. Sentimita 8 kwangu si mjadala, unatolewa.

Kuthibitisha ni kwa majimaji ya tumbo kwenye karatasi ya pH (kipimo cha asidi): 1 hadi 5.5 unaweza kulisha. Ukitoka kulisha subiri kama saa moja, kwa sababu chakula kinapunguza asidi. Litimasi ya bluu haitoshi, haitenganishi asidi ya tumbo na majimaji mengine yenye asidi kidogo. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu hakuthibitishi kitu; sauti husikika hata mpira ukiwa kwenye pafu. Kama hupati majimaji, mlaze ubavu wa kushoto dakika 15 hadi 30, au sukuma hewa mililita 10 hadi 20 kwa bomba la mililita 50 ili ncha iachane na ukuta wa tumbo, kisha vuta tena taratibu. Hewa hiyo ni ya kusogeza ncha tu, msiigeuze kuwa kipimo. Anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa za kundi lake anaweza kuwa na pH juu ya 5.5 mpira ukiwa mahali pake. Huyo, na yeyote mwenye jibu la shaka, aende eksirei. Kwenye picha mpira ushuke katikati, upite pale njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata tawi lolote, uvuke kiwambo (msuli kati ya kifua na tumbo) katikati, ncha iwe chini ya kiwambo upande wa kushoto. Maji ya kusafishia mpira yasipitishwe kabla ya uthibitisho.

Ili msigundue wakati wa mlo tu: baada ya kuthibitisha, andikeni namba ya puani kwenye faili na kwenye kadi kitandani, mchore mstari wa kalamu isiyofutika kwenye mpira pale pale tundu linapoishia. Plasta ya suruali isizibe namba. Mstari uangaliwe kabla ya kila mlo na kila dawa, mwanzo wa zamu wote wawili mkikabidhiana kitandani, na kila baada ya kutapika, kukohoa sana, kufyonzwa makohozi, kugeuzwa, mazoezi ya viungo, kuogeshwa au kurudi kutoka eksirei. Hizo ndizo nyakati mpira unapotoka.

Na mlo ukisimama ghafla, uliza dawa. Mwenye insulini aliyekuwa analishwa anaweza kushuka sukari ndani ya saa chache. Pima sukari, mweleze daktari. Dawa za kifafa na za Parkinson zitafutiwe njia nyingine mapema, usisubiri mpira mpya.

hatamu_puani

Kuhusu hatamu. Ni utepe mwembamba unaozunguka mfupa wa nyuma wa ukuta wa kati wa pua, ncha zake mbili zikitoka kila moja kwa tundu lake, halafu zinashikizwa kwenye mpira kwa kibanio. Mgonjwa akivuta, mvuto unaangukia kwenye mfupa, anaumia kidogo na kuacha. Haishikilii kwa gundi, ndiyo maana jasho na makamasi haviisumbui. Wagonjwa wenye hatamu hupoteza mipira kidogo sana wakilinganishwa na wa plasta.

Vijiti viwili vyenye sumaku kwenye ncha vinapakwa jeli na kuingizwa, kimoja kila tundu, vikifuata sakafu ya pua kwenda nyuma moja kwa moja, si kuelekea juu. Sumaku zinapokutana nyuma ya ukuta wa kati unasikia au kuhisi mbofyo. Kimoja kina utepe umeungwa. Unakivuta kwa kile kingine na utepe unazunguka. Sumaku hukatwa na kuondolewa, utepe pekee unabaki. Kibanio kiwe cha saizi ya mpira wenu, kikae kama sentimita 1 chini ya tundu, kisiguse pua. Kibanio cha Fr 12 kwenye mpira wa Fr 10 kitauachia uteleze, na mtaona hatamu haifai kumbe saizi ndiyo haikufaa.

Isiwekwe kwa mwenye mvunjiko wa sakafu ya fuvu au mifupa ya uso, pua iliyoziba, ukuta wa pua wenye tundu au uliopinda sana, au damu isiyoganda sawasawa. Na si ya kila mvutaji. Mgonjwa asiyeacha hata akiumia atauchana ukuta wa pua, huyo hatamu inamdhuru. Anayevuta kwa bahati mbaya, au anayeacha akihisi mvuto, ndiye inayemfaa. Apewe maelezo na aridhie, au familia na timu waamue kwa maslahi yake. Iwekwe na aliyefunzwa tu.

Kuitoa: kata utepe upande mmoja tu, chini ya tundu, kisha vuta mpira na utepe pamoja polepole. Ukikata pande zote mbili, kipande cha katikati kinabaki ndani na kinaweza kuanguka kooni. Bandikeni maelekezo haya kwenye kadi ya kitandani, maana anayeitoa mara nyingi si yule aliyeiweka.

wodi_ya_watoto

Wanaosoma kwa ajili ya watoto wachanga wasihamishe vipimo hivi. Mipira ni Fr 5 hadi 8, na sentimita 1 au 2 tu inaweza kutosha kuitoa ncha tumboni, kwa hiyo alama iangaliwe kila mlo bila kuruka. Urefu hupimwa kutoka pua hadi ndewe, kisha hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu. Nanga kuu ni shavuni: haidrokoloidi nyembamba chini, mpira, plasta ya uwazi juu, karibu na pua iwezekanavyo ili asipate kitanzi cha kuingiza kidole. Benzoini na viondoa gundi vyenye kemikali kali visiguse ngozi ya njiti, vinapenya. Haidrokoloidi ya chini iachwe siku kadhaa ikiwa safi. Badilisha ya juu tu, ngozi haiguswi kila siku. Mate ndiyo adui mkubwa hapa, kwa hiyo plasta isishuke hadi pembe ya mdomo.

zamu_ya_usiku

Swali la mwisho kwa mkufunzi: mgonjwa akirudi kutoka eksirei na mpira umethibitishwa, ila plasta ya pua imelowa. Nibadilishe kabla ya kuanza mlo au baada?

mkufunzi_wodini

Kabla. Soma namba, ushikwe na mwenzako, badilisha, soma namba tena. Kama ni ile ile na mdomoni hakuna kitanzi, mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45, pitisha maji mililita 30, uanze mlo. Kama imebadilika hata kidogo, ile picha ya eksirei imeshapitwa na wakati. Rudi kwenye pH.